Pawabenki ya Laptopu: Namba Kubwa Mbele ya Boksi, Namba za Kweli Nyuma Yake

Kwenye maduka ya vifaa vya simu ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, jijini Nairobi, pawabenki hujitangaza kwa namba. 10,000. 20,000. 30,000. Siku hizi zipo hata zinazojiita 50,000 huku zikienea kwenye mfuko wa shati. Mnunuzi anaangalia namba, anauliza bei, anaomba apunguziwe kidogo, wanaelewana. Akifika nyumbani anachomeka simu, inachaji. Anachomeka laptopu, taa ya chaji haiwaki kabisa.

Mara nyingi kifaa chenyewe si kibovu. Mnunuzi ameangalia namba moja wakati laptopu inadai tatu: nishati iliyohifadhiwa ndani, nguvu inayotoka, na nguvu inayoingia pawabenki yenyewe inapochajiwa. Zote tatu kwa kawaida huandikwa, ila kwa herufi ndogo za kijivu upande wa nyuma, na muuzaji mwenye foleni ya wateja hana sababu ya kumgeuzia mtu boksi.

Maandishi hayo madogo yamekuwa na thamani kubwa zaidi tangu kazi za watu zihamie kwenye betri. Desemba 2009, waya wa chini ya bahari unaopeleka umeme Unguja kutoka Tanzania Bara uliharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Simu nyingi za enzi zile zilikuwa za vitufe. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na betri ya mAh 850 tu, na mtengenezaji aliahidi hadi saa 400 za kukaa hewani bila kupigwa. Leo simu ya kawaida ya Tecno, Infinix au Samsung ya familia ya A ina mAh 5,000, karibu mara sita ya ile, na bado mwenyewe anatafuta soketi ikifika jioni.

Umeme nao haujaacha visa vyake. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilizimika, na giza likaingia hadi ndani ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Tanzania iliingia kwenye mgao mkali mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kisha tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ikapata hitilafu na mikoa ikakosa umeme kwa mpigo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, limeongeza sana umeme unaozalishwa. Hata hivyo nguzo iliyoanguka au transfoma iliyoungua haijali bwawa lina maji kiasi gani. Wakala wa M-Pesa simu ikizima amefunga ofisi. Mwanafunzi ambaye tasnifu yake inatakiwa kesho asubuhi hawezi kumweleza msimamizi kwamba mtaa wao ulikuwa gizani.

Namba ya kwanza: wati-saa

Namba kubwa iliyo mbele ya boksi ni ya mAh. Kipimo hicho kinaeleza kiasi cha chaji lakini hakitaji volti, na kutaja mAh bila volti ni sawa na kuhesabu madebe bila kusema debe lenyewe ni la lita ngapi. Seli za lithiamu zilizo ndani ya pawabenki zina volti 3.6 au 3.7, na namba ya boksi hupimwa hapo. Tundu la USB la kawaida hutoa volti 5. Laptopu hutaka 20. Kila volti inapopandishwa, mAh zinazomfikia mtumiaji hupungua, ingawa nishati ni ileile.

Kipimo kisichobadilika kwa volti ni wati-saa, kinachoandikwa Wh. Hesabu yake ni ya darasa la saba: gawanya mAh kwa 1,000, kisha zidisha kwa 3.7. Pawabenki ya 10,000 ina wati-saa 37. Ya 20,000 ina 74. Ya 27,000 inakaribia 100, na namba hiyo 100 itarudi baadaye kwenye habari za viwanja vya ndege.

Hata wati-saa hizo hazitoki zote. Mzunguko unaopandisha volti hula kiasi, waya hula kiasi, na kilicholiwa huonekana kama joto mkononi. Asilimia 10 hadi 20 kupotea ni jambo la kawaida hata kwa bidhaa nzuri. Kwa hiyo pawabenki ya wati-saa 74 humkabidhi mtu kama 62 hivi. Betri ya simu ya mAh 5,000 ina wati-saa 19 na kidogo; itajaa mara tatu, wala si mara nne kama mgawanyo wa 20,000 kwa 5,000 unavyodanganya. Pawabenki ya 10,000 huijaza simu hiyohiyo mara moja na nusu.

Laptopu nyingi za ofisini za inchi 13 na 14 zina betri ya kati ya wati-saa 45 na 60. MacBook Air ya M2, kwa mfano, ina 52.6. Pawabenki ya 20,000 huijaza mara moja, na kinachobaki huitosha simu kwa nusu chaji. MacBook Pro ya inchi 16 ina betri ya wati-saa 100. Hiyo pawabenki ileile haiifikishi hata theluthi mbili. Njia nyingine ya kupiga hesabu ni kwa saa za kazi. Laptopu ya kisasa inayotumika kuandika na kusoma barua pepe hula wati 8 hadi 15. Ukigawa 62 kwa 12, unapata saa tano za ziada. Anayehariri video asitegemee nusu ya hizo.

Watengenezaji waaminifu huandika namba mbili: uwezo wa seli, na uwezo halisi unaotoka kwenye volti 5. Ya pili huwa ndogo sana kuliko ya kwanza, na wateja wengi wakiiona hudhani wameibiwa. Pawabenki ya 10,000 inayokiri kwamba hutoa kama 6,000 kwenye volti 5 inasema kweli. Ya kutiliwa shaka ni ile isiyoandika namba hiyo wala wati-saa popote.

Mzani nao ni shahidi. Seli ya duara iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kwa kawaida hubeba mAh 3,500 hivi kwa juu na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ili kufika 20,000, zinahitajika sita. Hapo tayari ni gramu 270 hadi 300 kabla ya gamba, sakiti na matundu. Bidhaa halisi za ukubwa huo huishia gramu 350 hadi 500. Anker 737, ambayo ni ya 24,000 na hutoa wati 140, ina zaidi ya gramu 600. Pawabenki inayojiita 50,000 ingekuwa na wati-saa 185, na kwa teknolojia ya lithiamu iliyopo madukani seli zake pekee zingekaribia robo tatu ya kilo. Ikipimwa ikaonekana gramu 250, mahesabu hayakubali.

Uzito pekee haumalizi maneno, maana wachakachuaji nao wanajua kwamba watu hupima kwa mkono. Pawabenki feki zimeshapasuliwa katika nchi mbalimbali zikakutwa na seli moja au mbili, na pembeni mfuko wa mchanga uliowekwa ili kuongeza uzito. Ndiyo maana mzani husaidia kukataa, lakini hautoshi kukubali.

Namba ya pili: wati zinazotoka

Hapa ndipo laptopu nyingi zinapokwama. Wati-saa hueleza kazi itadumu kwa muda gani. Wati hueleza kama kazi itaanza. Simu huridhika na wati 10 au 18. Laptopu nyepesi hutaka 30 hadi 45, ya ofisini 65, na kubwa za kuhariri picha na video 100 au zaidi.

Lugha ambayo pawabenki na laptopu huzungumza ili kukubaliana ni ya USB-C, kwa utaratibu unaofupishwa PD. Vifaa viwili vikiunganishwa, pawabenki hutaja volti inazoweza kutoa, na laptopu huchagua. Ngazi za kawaida ni volti 5, 9, 15 na 20. Kwa ampea 3, ngazi ya volti 20 hutoa wati 60. Kwa ampea 5 hutoa 100. Toleo la mwaka 2021 lilifungua mlango hadi volti 48 na wati 240.

Vyote hivyo husomeka mgongoni mwa kifaa. Mstari unaoanza na neno “Output” ukiishia na 20V na 3.25A, zidisha: wati 65. Hiyo ni pawabenki ya laptopu. Mstari ukiishia na 12V na 1.5A, ni wati 18, na kifaa ni cha simu hata kama kina mAh 30,000. Madukani zimejaa zinazotangaza wati 22.5. Kwa simu ni nzuri, lakini namba hiyo hupatikana kwa volti ndogo na ampea nyingi, mbali na volti 20 ambazo laptopu inazisubiri. Baadhi ya laptopu, MacBook Air ikiwemo, hukubali kuchaji polepole kwa nguvu ndogo; nyingine huonyesha onyo la chaja dhaifu au hukataa moja kwa moja.

Kuna mitego mitatu ya ziada. Wa kwanza ni matundu. Pawabenki ya wati 65 hutoa 65 tundu moja likiwa linatumika. Ukichomeka simu kwenye tundu la pili, laptopu huenda ikashushwa hadi 45. Wa pili ni waya. Waya wa kawaida wa USB-C hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20. Zaidi ya hapo unatakiwa waya wenye chipu ndogo ya utambulisho ndani ya kichwa chake, ulioandikwa 100W au 240W. Waya uliokuja na simu hautatoa 100 hata ukiunganishwa na pawabenki ghali kuliko zote dukani.

Mtego wa tatu ni umri wa laptopu. Soko la Afrika Mashariki limejaa mashine zilizotumika, zinazotoka Dubai, Ulaya na Marekani: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. ThinkPad T480, ya mwaka 2018, huchaji kwa USB-C bila shida. EliteBook 840 G1 na G2, pamoja na Latitude E7450, hazina tundu hilo kabisa. Zinatumia pini ya mviringo. Kuna nyaya za kubadilisha, ambazo huiomba pawabenki volti 20 na kuzipeleka kwenye pini, na mashine nyingi za volti 19.5 hukubali. Lakini Dell huweka ndani ya chaja zake chipu ya kujitambulisha, inayosomwa kupitia sindano ya katikati ya pini. Laptopu isipoiona chipu hiyo hufanya kazi bila kuchaji betri. Kabla ya kununua chochote, mwenye Dell ya zamani aulizie waya uliotengenezwa mahsusi kwa Dell.

Hali itarahisika kadiri miaka inavyokwenda. Umoja wa Ulaya ulilazimisha USB-C kwa simu mpya kuanzia 28 Desemba 2024, na kwa laptopu kuanzia 28 Aprili 2026. Mashine zinazouzwa huko leo ndizo zitakazopangwa kwenye meza za mitumba za Dar es Salaam na Nairobi miaka mitano ijayo.

Namba ya tatu: wati zinazoingia

Hii ndiyo namba ambayo hutajwa kwa nadra zaidi, na kwa nchi zenye umeme wa kukatikakatika ndiyo inayotenganisha pawabenki ya msaada na ya mapambo. Pawabenki ya 20,000 inayochajiwa kwa tundu la zamani la wati 10 huchukua saa tisa hivi kujaa. Ikiingiziwa wati 18, saa tano. Wati 30, saa tatu. Wati 65, chini ya saa mbili.

Chukua mtaa ambao umeme hurudi saa kumi jioni na kuondoka tena saa mbili usiku. Kwa saa hizo nne, pawabenki ya wati 10 haitafika hata nusu, na usiku unaofuata mwenyewe atakuwa na tofali la nusu kilo lisilomsaidia. Ya wati 30 itakuwa imejaa, na chaja yake imeshahamishiwa kwenye simu. Kwenye boksi namba hiyo hukaa kwenye mstari wa “Input”. Chaja ya ukutani lazima nayo iwe na nguvu hiyo, maana pawabenki nyingi huuzwa bila chaja, na ile ndogo ya simu ya zamani hutoa wati 5 au 10.

Pawabenki zenye kipande cha sola mgongoni huvutia macho hasa kwa wanaosafiri vijijini. Kipande chenye ukubwa wa kiganja hutoa wati moja hadi moja na nusu jua likiwa la utosi. Kujaza wati-saa 74 kwa kasi hiyo ni saa 50 za jua kali, yaani kama siku kumi. Na kuanika betri ya lithiamu juani siku kumi ni njia nzuri ya kuifupishia maisha. Anayehitaji umeme wa jua ni bora anunue paneli ya pekee ya wati 20 au zaidi, aiweke juani, na pawabenki ikae kivulini.

Dukani, kabla ya kulipa

Ukaguzi wa maana hauzidi dakika kumi. Mteja aende na laptopu yake mwenyewe, betri ikiwa chini ya nusu, na waya wake. Achomeke, asubiri alama ya kuchaji, kisha afungue programu moja nzito aone kama alama inabaki. Achomeke na simu kwenye tundu la pili aone laptopu inafanyaje. Ageuze kifaa asome Wh, “Output” na “Input”, na alinganishe mAh zilizotajwa na Wh zilizoandikwa: kama moja ikigawanywa na kuzidishwa haileti nyingine, mojawapo ni ya uongo. Kuna vipimo vidogo vya USB vinavyochomekwa katikati ya waya na kuonyesha volti, ampea na wati papo hapo. Baadhi ya mafundi simu wanavyo.

Jina la kampuni husaidia ikiwa kuna mahali pa kurudisha. Oraimo, chapa ya kundi la Transsion linalotengeneza pia Tecno, Infinix na itel, imeenea hadi wilayani. Anker, Baseus, UGREEN na Xiaomi hupatikana zaidi mijini na mtandaoni. Chapa zote zinazojulikana huigwa, kwa hiyo risiti na dhamana ya maandishi zina uzito kuliko nembo. Mwenye simu ya Samsung inayokubali chaji ya wati 25 atafute neno PPS, utaratibu wa chaji hiyo, mgongoni mwa pawabenki. Bila hiyo simu itachaji kwa mwendo wa kawaida. Kadhalika, chaji za kasi za baadhi ya chapa za Kichina zina lugha yao wenyewe, na pawabenki ya kampuni nyingine hurudi kwenye wati 10 au 18.

Moto ndani ya gamba

Sony ndiyo iliyoanza kuuza betri za lithiamu-ioni kibiashara, mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Seli nyingi za aina hii hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya migodini na sokoni. Nishati nyingi ndani ya kitu kidogo ndiyo faida ya lithiamu, na ndiyo hatari yake. Utando mwembamba unaotenganisha pande mbili za seli ukitoboka, joto hupanda, joto hilo huzaa joto zaidi, na seli ya jirani huambukizwa.

Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 ilishika moto ikiwa bado chini, katika Uwanja wa Gimhae nchini Korea Kusini, ikijiandaa kwenda Hong Kong. Watu wote 176 walitoka. Taarifa ya awali ya wachunguzi ilielekeza kwenye pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la mizigo juu ya viti. Miezi michache baadaye, Juni 2025, Anker iliwataka wateja warudishe pawabenki za PowerCore 10000 zenye namba ya modeli A1263, ambazo Marekani pekee zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni moja. Mwezi huohuo kampuni ya Romoss ya China ilirudisha karibu 490,000 za mAh 20,000. Makampuni hayo si ya vichochoroni. Mwenye pawabenki iliyonunuliwa kabla ya hapo ana sababu ya kugeuza kifaa na kusoma namba ya modeli.

Dalili za hatari huonekana mapema: gamba linaloumuka, harufu tamu ya kemikali, joto kali hata pawabenki ikiwa haijachomekwa popote. Ikifika hapo isichajiwe tena. Ndani ya gari lililofungwa saa saba mchana jijini Dar es Salaam au Mombasa, joto la dashibodi huvuka kiwango ambacho seli hizi zimepangiwa kuvumilia. Zikikaa muda mrefu bila kazi, ni afadhali zihifadhiwe zikiwa nusu, mahali pa baridi. Iliyovimba isitobolewe wala isitupwe kwenye pipa la taka. Matundu yake yafunikwe kwa seloteipu na ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki, kama WEEE Centre jijini Nairobi.

Mpaka wa wati-saa 100

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaruhusu pawabenki ya hadi wati-saa 100 kuingia na abiria bila kuomba kibali. Kati ya 100 na 160 kibali cha shirika kinahitajika, na hazizidi mbili. Juu ya 160 haziruhusiwi. Zote hukaa kwenye mzigo wa mkononi. Kwenye sanduku linaloshuka chini ya ndege ni marufuku. Hii ndiyo sababu watengenezaji wakubwa huishia 27,000 na kidogo: Anker Prime ya 27,650 ina wati-saa 99.54, imekatwa makusudi chini ya mpaka.

Baada ya moto wa ndege ya Air Busan, masharti yamekazwa. China, kuanzia 28 Juni 2025, huzuia kwenye safari za ndani pawabenki zisizo na alama ya ubora ya nchi hiyo, na wafanyabiashara wanaotoka Kariakoo au Nairobi kwenda Guangzhou kisha kuunganisha hadi Yiwu hukutana na sheria hiyo mlangoni. Emirates, inayoruka hadi Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, tangu 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja kwa abiria, isizidi wati-saa 100, uwezo wake ukisomeka, na haitumiki wala haichajiwi ndani ya ndege. Haiwekwi pia kwenye kabati la juu. Maandishi yaliyofutika kwa kusuguana na funguo mfukoni yanatosha kuiacha pawabenki mikononi mwa mkaguzi.

Nani anunue ipi

Mwenye simu peke yake, anayetoka asubuhi na kurudi jioni, anatoshwa na 10,000 yenye wati 18 au 20 za kutoa na kuingiza. Ni nyepesi, na atakuwa nayo kila siku badala ya kuiacha mezani kwa uzito.

Mwanafunzi wa chuo, mwandishi wa habari au mhasibu mwenye laptopu ya USB-C atafute 20,000 yenye wati-saa 74, inayotoa wati 65 na kupokea angalau 30. Hapo ndipo bei, uzito na kazi hukutana vizuri. Mwenye mashine kubwa ya kuhariri video apande hadi 24,000 au 27,000 za wati 100 au 140, pamoja na waya unaozistahimili, na akubali kubeba zaidi ya nusu kilo.

Anayefanyia kazi nyumbani asisahau ruta. Laptopu yenye chaji bila intaneti haimalizi mkutano wa mtandaoni. Ruta nyingi hutumia volti 12 na hula wati 6 hadi 12, na kwa waya wa kupandisha volti kutoka USB, pawabenki ya 20,000 huiweka hewani saa tano hadi kumi hivi. Wengine hununua kifaa kidogo cha akiba cha ruta, chenye tundu la volti 12, kinachokaa kimechomekwa muda wote na kushika kazi umeme unapokatika bila intaneti kuyumba.

Ofisi ndogo, wakala wa huduma za fedha au mwenye laptopu ya pini ambaye hataki kuhangaika na nyaya yuko karibu na mpaka wa pawabenki na jamii nyingine: betri kubwa zenye soketi ya kawaida ya umeme. EcoFlow River 2, kwa mfano, ina wati-saa 256 na hutoa wati 300, kwa uzito wa kilo tatu na nusu. Seli zake ni za lithiamu ya chuma na fosfeti, isiyotumia kobalti, inayostahimili joto zaidi na kuchajiwa maelfu ya mara, wakati seli za pawabenki za kawaida huanza kuchoka baada ya mara 300 hadi 500. Chaja asilia ya laptopu huchomekwa kwenye soketi yake, iwe HP, Dell au nyingine yoyote, na siku nzima ya kazi inapita. Ila kwa wati-saa 256, haitaingia na abiria kwenye ndege yoyote.